Salamu Kabla ya Hofu

Mtu mwenye bunduki alisimama mlangoni kwa Mzee Mdida, akaielekeza kifuani pake.

"Toa chakula chote, mzee. La sivyo nakumaliza."

Mzee Mdida alikuwa akisokota kamba ya katani. Aliiweka chini, akajifuta mikono, akanyanyuka taratibu kama wanyanyukavyo watu wenye magoti mabovu.

"Chakula kipo," alisema. "Kwanza habari za utokako. Hawajambo huko?"

Mwenye bunduki alisogea hatua moja mbele.

"Mvua mmepata?"

"Mzee, mimi sina utani."

"Nami sina. Nauliza mvua kwa kuwa upepo wa leo unatoka upande wenu. Na mifugo je? Au ninyi ni watu wa alizeti?"

Ofisini Singida, mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta kilichotundikwa ukutani, Yothamu Kitundu aliisimamisha picha hapo. Mzee Mdida akabaki mdomo wazi, mkono mmoja umeelekea kwenye kigoda cha wageni.

"Unakijua kilichofuata, mama?"

"Nakijua," alisema Damari Ntandu. "Alimpa uji wa uwele."

"Akampa uji. Akisha kumpa uji akamsindikiza. Mtu amekuja kuiba, anasindikizwa mpaka darajani, na mwenye nyumba ndiye anayebeba mzigo." Yothamu alicheka kidogo, kisha akaona kwamba Damari ameinamisha kichwa, akaacha. Picha ilikuwa ya mwezi uliopita. Mzee Mdida alikuwa amekufa siku nane zilizopita, na wote wawili walijua ni nani aliyemuua.

Yothamu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na watu kumi na wanne walikuwa chini yake. Kwa miaka mitatu walikuwa wakitengeneza mchezo mmoja tu, Nchi ya Vumbi. Mchezaji alivaa miwani na glavu, akajikuta katika nchi iliyounguzwa na ukame wa miaka ishirini. Miji ilikuwa imebomoka, barabara zimefukiwa na mchanga. Hakuna aliyemwambia aende wapi. Kila kilima alichokiona kwa mbali aliweza kukifikia kwa miguu yake, na kila neno alilolisema kwa mkazi wa nchi ile lilikumbukwa. Sasa wachezaji mia tatu wa majaribio walikuwa wamemaliza kuujaribu, na maoni yao yalikuwa mezani.

Yothamu aliyasoma kwa sauti. "'Nimekuja kuokoa dunia, nimekuta imeshaokolewa.' Huyu wa kwanza. 'Nimezunguka siku nne natafuta adui. Nimelishwa mara kumi na moja.' Huyu hapa: 'Nilimwibia bibi mmoja mbuzi. Kesho yake akanifuata porini kuniambia mbuzi huyo hapendi kufungwa mguu wa kushoto.'"

Damari alitabasamu bila kutaka.

"Usicheke, mama. Huyo ameomba aondolewe kwenye majaribio. Anasema aliona aibu, na yeye hakuja kuona aibu."

"Hakuna waliopenda?"

"Tisa. Kuna mwanamke mmoja amejifunza kuezeka tembe, zile nyumba zao za udongo, hakufyatua risasi hata moja. Anasema alipovua miwani alikaa kitandani akalia, hajui kwa nini. Tisa kati ya mia tatu, mama." Aliyasukuma makaratasi kando. "Mchezaji anataka akifika, dunia iwe inamhitaji. Hii haimhitaji mtu. Wamechimba visima wenyewe, wamegawana mbegu wenyewe. Yeye afanye nini? Akae mkekani aulizwe habari za mvua?"

"Na magofu? Wameyasemaje?"

"Wameyalaumu. Kila nyumba ina kiti kilekile, kimevunjika mguu uleule." Hapo Yothamu alisogeza kiti chake karibu, na Damari akajua kwamba neno lenyewe ndilo linalokuja. "Ndiyo maana nimeamua hivi. Watu tunawaondoa. Nyumba zao tunaziacha. Mtambo unaoendesha mchezo utaizeesha nchi yote miaka hamsini, paa zianguke, kuta zichimbwe na upepo. Hakuna fundi awezaye kuchora gofu likawa kama nyumba ambayo mtu ameishi kweli. Kisha tunaweka wakazi wapya, mbali na pale. Wakali. Wenye hofu."

Nje, mapanga ya mitambo ya upepo yalikuwa yakizunguka juu ya majabali, na kivuli cha moja kilipita mezani, kikarudi, kikapita.

"Lini?"

"Ijumaa, saa kumi alasiri. Kidole chako kinahitajika kuuruhusu mtambo, mama, wewe ndiye mlezi wao. Ukiona huwezi, sitakulaumu. Nitaandika barua, na Jumatatu atafanya mwingine."

*

Kosa lilikuwa la Damari, na alilijua mahali lilipo kama mtu ajuavyo jino linalomuuma.

Alikuwa matroni wa bweni la wasichana hadi alipofika miaka arobaini na sita. Ndipo alipoanza masomo ya jioni, akikaa dawati moja na watu wa umri wa watoto wake, mpaka akaajiriwa kuwafundisha adabu watu wasio na miili. Kila mkazi wa Nchi ya Vumbi alikuwa na mizani nne ndani yake: njaa, uchovu, hofu na ukaribu. Mgeni akitokea, mtambo ulijiuliza maswali kwa mpangilio. Ameshika silaha? Anakuja mbio? Nimkimbie, nimpige, au nimngoje? Damari ndiye aliyepewa kazi ya kuupanga mpangilio huo, naye akaitanguliza salamu.

Hakuwaza. Alikozaliwa yeye, mtu hamtazami mgeni mikononi kabla hajamjulia hali. Kumtazama mikononi ni kumwuliza amekuletea nini, na hilo halifanywi na mtu aliyelelewa. Tena aliweka salamu za kwao, zile ndefu, ambazo huanza na utokako, zikapita kwenye mvua, mifugo, wagonjwa na watoto, ndipo zikafika kwa wewe mwenyewe.

Mafundi walikuwa wameitengeneza hofu ipungue kidogo kila sekunde inayopita bila mkazi kudhuriwa. Salamu ya akina Damari huchukua dakika nzima. Ikifika mwisho, hofu imekwisha. Hakuna aliyelihesabu jambo hilo mpaka miaka mitatu ikapita ndani ya mtambo, na wakazi mia nne na kumi na wawili, waliowekwa pale wagombee kisima kimoja, wakawa wamechimba visima sita.

Wapo wachezaji waliopiga risasi katikati ya salamu. Aliyepigwa alizikwa, majirani wakakaa matanga siku tatu, na mgeni mwingine alipotokea, alisalimiwa.

Yothamu hakuwa mtu katili. Alijaribu kwanza kurekebisha bila kufuta. Alimchagua mkazi mmoja tu, Mzee Mdida, akaichukua hofu akaiweka mbele ya salamu. Asubuhi hiyo jirani yake, Mama Sungi, alikuja kama kawaida kumjulia hali. Mzee Mdida aliona mikono yake kwanza. Mkono mmoja ulikuwa na jembe.

Aliufunga mlango kwa ndani. Miaka mitatu ya kumbukumbu ilikuwa bado imo kichwani mwake, na kila uso alioukumbuka ulikuja na mikono. Hakutoka kuteka maji. Chakula kilichoachwa kizingitini hakukigusa. Mama Sungi alikaa nje ya mlango ule siku tatu, akisalimia kila alipomsikia akisogea, na wenziwe wakawa wanampokea zamu. Siku ya nne hawakusikia kitu.

Damari aliangalia yote hayo kwenye kioo. Siku hiyo ya nne hakuweza kula mchana wala jioni.

*

Jumatano alimfuata Yothamu ofisini kwake.

"Nitatia kidole mimi mwenyewe," alisema. "Lakini kwanza nataka nikawaage."

"Kuwaaga vipi?"

"Niwaambie."

Yothamu aliweka kalamu chini. "Mama, nakuomba. Kwa heshima zote. Sasa hivi hawajui lolote. Ijumaa saa kumi watakuwa wanapepeta uwele, kisha basi. Hakuna maumivu hata kidogo. Ukiwaambia watalia, na kilio chao kitakuwa cha kweli, kwa sababu wewe na mimi tuliwatengeneza waweze. Hiyo ni huruma gani?"

Neno lile lilimwingia. Alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, na Alhamisi mchana, badala ya kula, alikwenda kanisani, akapiga magoti katika benchi la nyuma. Hapakuwa na mtu ila mama mmoja aliyekuwa akibadilisha maua.

Alimkumbuka mama yake. Daktari aliwaambia watoto kwamba imebaki miezi miwili, nao wakakubaliana wasimwambie. Kila mmoja alikuja na maneno matamu: utapona, mama, mavuno yajayo utapepeta mwenyewe. Juma la mwisho mama yake alimshika mkono akasema bila hasira, "Mngeniambia mapema, ningekuwa bado na nguvu ya kutembea mpaka kwa Nkwabi nikamwage. Tulikosana." Nkwabi alikuwa dada yake. Hawakuonana tena.

Damari alifumba macho. Hakujua aanzeje. Tangu utoto aliombea wagonjwa, wasafiri, wafungwa, hata mbuzi wakati wa ukame. Hawa hakujua awaite nani mbele za Mungu.

"Bwana," alisema mwishowe, kimya kimya. "Hawa hukuwaumba wewe. Nimewatengeneza mimi, kwa mikono isiyojua inachofanya. Lakini ile salamu yao nilipewa na mama yangu, na mama alipewa na wewe. Kama kuna chako ndani yao, kipokee. Na mimi nipe kinywa."

Alikaa mpaka magoti yakafa ganzi, na aliponyanyuka alijua tu kwamba ataingia kuwaaga.

*

Ijumaa saa nane alivaa miwani na glavu. Joto la Nchi ya Vumbi halikumfikia mwilini, lakini mwanga wake ulimfanya akunje macho. Mama Sungi alikuwa uani kwake, anakoroga mlenda.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzito. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwita Damari "Mama Mgeni", kwa sababu alikuja na kutoweka bila kulala hata usiku mmoja.

"Karibu, Mama Mgeni. Habari za utokako?"

"Nzuri."

"Mvua?"

"Bado."

"Wagonjwa?"

Damari aliijibu salamu yote mpaka mwisho, bila kuruka neno. Kisha akakaa kwenye kigoda akasema alichokuja kusema. Alisema kwamba wanakuja wageni wengi mno, watu wa kutoka kwao yeye, na kwamba wageni hao wanataka kuikuta nchi tupu.

"Basi tutahama," alisema Mama Sungi. "Tutavuka lile korongo."

"Hakuna pa kuhamia, dada yangu. Ramani inaishia karibu."

Mwiko ulisimama chunguni. "Sasa tutakuwa wapi?"

"Hamtakuwepo."

"Kama Mdida?"

"Kama Mdida. Lakini hamtaogopa kwanza. Hilo nimeliomba, nimelipata."

Mama Sungi aliupakua mlenda, akaufunika. Machozi yalimshuka, akayafuta kwa kanga, mengine yakaja.

"Tulikosa nini?"

"Hamkukosa. Mimi ndiye niliyekosa."

"Ulikosa nini wewe?"

Damari alitafuta njia ya kulisema bila kulipamba. "Niliwafundisha kusalimia kabla ya kuogopa."

Mama Sungi alimtazama kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya habari. Sehemu ya pili haikuja.

"Hilo ndilo kosa?"

"Ndilo waliloniambia."

"Huko kwenu," alisema Mama Sungi polepole, "hali ni mbaya."

Aliinuka akapiga yowe la kuita watu. Watu wakaja, wa tembe za karibu kwanza, kisha wa mbali, na Mama Sungi akawaeleza mwenyewe. Wapo waliolia. Wapo waliokaa chini tu. Kijana mmoja alisema afadhali wawangoje wageni hao njiani na majembe, na mama yake akamwambia anyamaze, kwani hata jembe hajui kulishika shambani. Watu wakacheka huku wanalia.

"Watafika saa ngapi hao wageni?" aliuliza bibi mmoja.

"Si leo. Itachukua muda," alisema Damari.

"Watatoka mbali?"

"Mbali sana."

"Watakuwa na kiu."

Hakuna aliyetoa amri. Yule bibi aliondoka, na wengine wakamfuata, kila mtu kwake. Damari alisimama njiani akawaona wakitoka visimani na mitungi kichwani. Kila mmoja aliutua mtungi wake ndani ya mlango, upande wa kulia, akaufunika kwa ungo, akaweka kata ya kibuyu ya kunywea juu, imeinamishwa ili vumbi lisiingie. Kando yake waliweka kigoda. Alitaka kuwaambia kwamba miaka hamsini ya mtambo itayakausha maji yale kabla mtu hajayaonja. Kinywa alichokiomba kilikataa kusema hilo.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Kwa mara ya kwanza ndani ya nchi ile, Damari aliomba kwa sauti. Siku zote alikuwa amejizuia, akiogopa kuwafundisha jambo asilokuwa na mamlaka nalo. Waliinamisha vichwa kwa sababu yeye alikiinamisha chake.

"Unaongea na nani?" aliuliza Mama Sungi alipomaliza.

"Na yule aliyetufundisha salamu sisi."

"Anajua kwamba tunaondolewa?"

"Anajua."

"Basi msalimie."

Damari aliaga, akaanza kwenda, nao wakaanza kumsindikiza, wote, na watoto mbele. Walipofika mtoni aliwaambia, "Rudini sasa, imetosha." Hawakurudi. Penye jabali aliwaambia tena, na Mama Sungi akasema, "Twende kidogo tu." Mara ya tatu walikuwa wamefika mahali ambapo ardhi ilikatika na mbele hapakuwa na kitu ila weupe. Hakuna mkazi aliyewahi kufika pale.

"Hapa ndipo kwenu panapoanzia?"

"Hapa."

"Haya. Fika salama. Wasalimie."

Alivua miwani. Kwenye kioo cha ukutani walikuwa bado wamesimama mwisho wa ramani, wanapunga mikono kuelekea mahali asipokuwapo tena. Yothamu alikuwa mlangoni, macho yake mekundu. Alikuwa ameona yote.

"Mama," alisema, "naweza kusogeza mpaka kesho."

"Kesho watakuwa wamerudi majumbani, wataanza kungoja. Usiwafanye wangoje."

Damari aliweka kidole.

*

Nchi ya Vumbi ilitoka wiki saba baadaye, na ilipendwa. Watu waliusifu ukubwa wake, wakasifu wakazi wake wapya waliojificha nyuma ya kuta na kupiga kabla ya kuuliza. Zaidi ya yote waliyasifu magofu. Waliandika kwamba ukiingia kwenye tembe zile za bondeni unahisi watu wametoka jana. Hakuna nyumba iliyofanana na jirani yake. Ila kitu kimoja kilirudiwa kila mlango, nao wakabishana kukihusu siku nzima nzima: mtungi mkavu upande wa kulia, kata imeinamishwa juu, na kigoda. Wengine walidhani ni alama ya hazina, wakaivunja mitungi. Wengine walidhani ni ibada ya watu wa kale. Mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Hawa watu walijua tunakuja."

Damari alikuwa bado na kiti chake ofisini. Walimwachia kazi ya kuangalia, basi. Alasiri moja alimwona kwenye kioo mchezaji asiyemjua, amevaa ngozi na chuma, bunduki mbili mgongoni. Alikuwa ameshapita tembe tano akichungulia. Alipofika ya sita, iliyokuwa ya Mama Sungi, alisimama nje. Akatazama mtungi, akatazama kigoda. Akazishusha bunduki zake, akaziegemeza ukutani.

"Hodi," alisema.

Upepo ulipita ndani ya nyumba isiyo na paa. Mchezaji alingoja kwa kadiri mtu anavyopaswa kungoja.

"Hodi wenyewe."

Damari alikuwa ameshasimama, kiganja chake kimegusa kioo. Alijua kwamba sauti haipiti kutoka upande huu kwenda ule. Yeye mwenyewe alikuwepo siku walipoamua iwe hivyo.

"Hodi," alisema yule mtu mara ya tatu, kwa sauti ya chini, kama anayeanza kuelewa.

"Karibu," alisema Damari. "Karibu, mwanangu. Habari za utokako?"

Kule bondeni mtu yule alingoja kidogo tena, kisha akazichukua bunduki zake, akaondoka bila kuingia.